Mwachie Mtoto Roketi Yake

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, roketi ya aina ya Scout iliruka kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani ambayo ilipewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyoipa mahali pa kurukia. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Kutokana na kazi yake wanasayansi walipata orodha ya vyanzo 339 vya miali hiyo, na vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba kimojawapo, Cygnus X-1, huenda kikawa shimo jeusi, kitu ambacho hadi wakati huo kilikuwa bado kikibishaniwa vitabuni.

Safari hiyo ilianzia kwetu. Mtoto wa Gongoni, Mambrui au Marereni anayebeba mkoba wake wa shule leo anaishi mwendo mfupi wa bodaboda kutoka pwani ile. Nani amemsimulia? Na akishasimuliwa, nani amempa nafasi ya kujaribu kwa mikono yake jambo dogo linalofanana na lile kubwa? Maswali haya siyapeleki kwanza serikalini wala kwa mwalimu. Nayaleta nyumbani, kwa sisi wazazi, kwa kuwa malezi ni yetu kabla hayajawa ya mtu mwingine yeyote.

Tukitaja malezi tunataja adabu, ibada, chakula, mavazi na karo. Hizo zote ni haki za mtoto na hakuna mwenye akili atakayezipunguza. Iko haki nyingine tunayoisahau, nayo ni haki ya mtoto kutengeneza kitu, kikamharibikia, akakitengeneza upya, na mkubwa wake akiwa karibu bila kumnyang'anya. Wengi huiona hii kuwa mchezo wa kupitisha jioni. Mimi naihesabu kuwa wajibu, tena wajibu ambao mzazi asipoutimiza mtoto akiwa na miaka 5 au 6, ni kazi ngumu kuutimiza akiwa na 15.

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa nchini mwaka 2019, watoto wadogo wamekuwa wakirudi nyumbani na miradi. Leo wameagizwa kinyago, kesho kikapu, kesho kutwa chombo cha kusafiri. Mtaala wenyewe unamtaka mzazi ashiriki. Lakini tazameni tunavyoshiriki. Mradi unatajwa usiku, mtoto ameshaanza kusinzia. Baba anakata manila kwa wembe, mama anapaka gundi, kaka mkubwa anatumwa saiba kuchapisha picha. Wenye uwezo kidogo wanamlipa fundi. Asubuhi mtoto anakwenda shule amebeba roketi iliyonyooka, yenye rangi safi na bendera ya taifa ubavuni, asiyojua hata gundi yake ilikauka saa ngapi. Mwalimu anampa alama za juu, na alama hizo ni za baba.

Naelewa kwa nini tunafanya hivyo. Tunaogopa mtoto asiaibike mbele ya wenzake. Tunaogopa mwalimu asituone wazembe. Na tumechoka: aliyeshinda kwenye mashamba ya chumvi, au aliyetandika vitanda hotelini tangu alfajiri, hana nguvu ya kumngoja mtoto akate karatasi kwa nusu saa, kazi ambayo yeye angeimaliza kwa dakika moja. Hata hivyo, tukimfanyia kazi yake tunamfunza mambo mawili mabaya kwa pamoja. Tunamfunza kwamba kazi mbaya ya mkono wake haina thamani, na tunamfunza kwamba ni halali kupokea sifa ya jasho la mwingine. La pili ndilo linalonitia hofu zaidi, maana ufisadi tunaoulalamikia kwa watu wazima hauanzii ofisini.

Roketi ya karatasi inafaa sana kwa umri huu kwa sababu haitaki pesa na haidanganyi. Mpapai haukosekani mtaani kwetu. Kikonyo cha jani lake ni kirefu na kina uwazi ndani. Kata kipande kilichonyooka, urefu wa penseli au kuzidi kidogo, ondoa ncha zote mbili, kisha kioshe vizuri utomvu wake, kwa kuwa unawasha, na ukianike mpaka kikauke. Hapo mkubwa anashika kisu. Kazi ya kisu si ya mtoto wa miaka 5. Baada ya hapo, kazi ni yake. Achukue ukurasa wa daftari lililokwisha, auzungushe juu ya kikonyo bila kubana sana, ili uteleze. Aubandike ukingo kwa selotepu, na isipokuwepo, kwa uji mzito wa unga wa ngano. Akunje ncha moja na kuifunga iwe pua. Nyuma abandike mapezi matatu au manne ya karatasi ngumu, kwa mfano ya boksi la majani ya chai. Kisha airudishe roketi juu ya kikonyo, aelekee mahali pasipo na mtu, apulize kwa nguvu mara moja.

Mara nyingi ya kwanza hairuki. Pua inavuja, na pumzi ikipata pa kutokea mbele, roketi inabaki palepale. Au karatasi imebana na haitoki. Au inatoka ikapinduka hewani na kuanguka miguuni pake. Hapo ndipo malezi yanapoanza, na hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu, kwa kusema "lete nikufanyie" au "si nilikwambia?"

Jirani yangu mmoja hapa Malindi huuza viazi karai jioni nje ya nyumba yake. Siku moja binti yake wa miaka 6 alikuwa uani na roketi ya namna hii, na mapezi yake alikuwa ameyabandika katikati, akifuata picha aliyoiona mahali. Kila akipuliza inapinduka.

"Mama, hii haisikii."

"Haisikii vipi, mamangu?" Mama alikuwa akigeuza viazi kwenye karai, hakuinua uso.

"Inageuka."

"Inageuka ikishatoka, au inatoka imegeuka?"

Mtoto hakuwa na jibu. Akarudi akapuliza tena, safari hii akiitazama. Akaja kusema inatoka vizuri, kisha mkia unautangulia uso. Mama akasema, "Basi tatizo liko mkiani, au siyo?" akaendelea na wateja wake. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja viazi, Mgiriama wa rika la babu yake, akamwita mtoto na kumuuliza kama amewahi kuona mshale. Akamchorea mmoja mchangani kwa kidole na kumwonyesha manyoya yanapokaa. Mtoto akatazama mchoro, akaitazama roketi yake, kisha akabandua mapezi na kuyashusha hadi nyuma kabisa. Karatasi ilichanika kidogo na uji ukamjaa vidoleni. Roketi ilipita juu ya beseni la kachumbari ikatua barabarani.

Mama yule hakuwahi kusoma fizikia. Hakuacha kazi yake hata kidogo, na viazi havikuungua. Alichokifanya ni kuuliza swali lililomrudisha mtoto kwenye kitu chenyewe akakitazame tena, akamwamini kwamba atakiona. Namtaja kwa sababu nimechoka kusikia kwamba malezi ya namna hii ni ya wenye nafasi na wenye elimu. Mzazi asiyejua kwa nini mapezi hukaa nyuma anaweza kusema, "Sijui, mwanangu, hebu tuangalie." Neno hilo halimvunjii heshima. Mtoto anayemsikia mkubwa akikiri kuwa hajui, kisha akamwona anatafuta, anajifunza kwamba kutojua si aibu ya kufichwa.

Roketi ikishaanza kuruka, mfunze kupima. Hapa uhandisi na maadili hukutana, na ndipo ninapowaomba wazazi wawe macho. Apime kwa nyayo zake mwenyewe, kisigino kwa kidole, kutoka aliposimama hadi ilipotua. Abadilishe jambo moja tu kwa wakati: leo mapezi makubwa, kesho kidonge kidogo cha udongo ndani ya pua, kesho kutwa aielekeze juu zaidi au chini zaidi. Akibadilisha yote kwa pamoja hatajua kilichosaidia ni kipi. Na mtamwona, kama watoto wote, akifupisha nyayo ili roketi yake ihesabiwe kuwa imekwenda mbali kuliko ya kaka yake. Usimgombeze, na usilipuuze. Mwambie apime tena, na wote wawili wapime kwa nyayo za mtu mmoja. Mtoto aliyezoea kusema kweli juu ya roketi yake inapoanguka karibu amepata funzo la amana ambalo hotuba nyingi haziwezi kumpa.

Adabu nyingine zimo humo humo. Anangoja zamu yake. Hapulizi kuelekea uso wa mwenzake. Haokoti roketi ya mwingine akaibomoa kwa wivu. Akimaliza anakusanya vipande vya karatasi uani. Wanaodhani kwamba sayansi ni jambo la shule na adabu ni jambo la nyumbani au la madrasani, wakae jioni moja na watoto wanne wenye roketi mbili.

Akishaizoea hiyo, mnaweza kupanda ngazi moja. Mfunge uzi baina ya miembe miwili, mpitishe kipande chembamba cha kikonyo kwenye uzi, mkibandike puto lililopulizwa, kisha mliachie mdomo. Hewa inatoka nyuma, puto linakwenda mbele. Hiyo ndiyo kanuni iliyoiinua Scout pale Ngomeni: gesi ya moto ikitoka kwa kasi upande mmoja, chombo husukumwa upande wa pili. Scout ilikuwa na hatua nne, moja juu ya nyingine, na kila ya chini iliyomaliza fueli yake iliachwa ianguke ili zilizobaki ziwe nyepesi. Mtoto wa miaka 7 anaweza kulielewa jambo hili akiwa ameshika puto, na akilielewa kwa namna hiyo halimtoki.

Na hapo msimulie kwa nini Ngomeni. Mhandisi wa Italia, Luigi Broglio, alitafuta mahali karibu na ikweta penye bahari wazi upande wa mashariki. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta uso wake huenda kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayoruka kuelekea huko huanza safari na kasi hiyo mkononi, nayo inahitaji kufikia karibu kilomita 28,000 kwa saa ili setilaiti ibaki angani. Msimulie pia kwamba wale wahandisi hawakuanza na makubwa. Walijifunza kwanza Marekani, wakarusha setilaiti yao ya kwanza, San Marco 1, kutoka Wallops Island mwezi Desemba 1964. Kwenye majukwaa ya Ngomeni walijizoeza kwa roketi ndogo za utafiti, kisha Aprili 1967 wakairusha San Marco 2. Kati ya mwaka huo na 1988 zilirushwa setilaiti 9 kutoka pale.

Tangu 1988 hakuna setilaiti iliyorushwa kutoka Ngomeni. Kituo kipo, kinaitwa kwa jina la Broglio, na antena zake bado hupokea habari za vyombo vilivyoko angani. Kenya nayo imeanza safari yake. Shirika la anga la taifa liliundwa mwaka 2017. Mwaka uliofuata setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, iliachiwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, iliyorushwa kutoka California. Bahari yetu haijahama, wala ikweta. Ikweta tumepewa bure. Mikono yenye ujuzi haipatikani bure. Inaandaliwa polepole kuanzia umri wa kubandika mapezi kwa uji wa ngano, na wa kuiandaa ni mzazi.

Wala tusiwafunze watoto kwamba elimu ya anga ililetwa hapa na wageni. Vasco da Gama alipofika Malindi mwezi Aprili 1498, aliyemfikisha Calicut kabla mwezi Mei haujaisha ni rubani aliyempata hapa, mtu aliyejua pepo za msimu na nyota za Bahari Hindi. Mabaharia wa bahari hii walipima kimo cha nyota kwa kamal, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Mwenye kibao hushikilia fundo kwa meno na kukilinganisha kibao na upeo wa bahari na nyota. Fundo humwambia yuko kaskazini au kusini kiasi gani. Hicho nacho ni chombo ambacho mtoto anaweza kujitengenezea kwa kipande cha boksi na uzi. Wakulima wa bara ya pwani walitazama Kilimia, kundi la nyota, kabla ya kupanda. Wavuvi wazee wa Ngomeni, Watamu na Takaungu bado wanazo nyota za kuwarudisha bandarini. Mpeleke mtoto kwao. Akae na babu yake usiku wa giza, amwonyeshe nyota moja na kazi yake. Hilo ni deni ambalo wazee wanatudai na watoto pia wanatudai, na tukichelewa tutabaki nalo.

Kuhusu binti zetu nasema waziwazi, kwa kuwa hapa tunadhulumu. Mvulana akitengeneza kitu anaachwa. Msichana akikaa na karatasi anakumbushwa ndoo, mtoto wa mgongoni au vyombo. Aliyeongoza mradi wa setilaiti ya Uhuru alikuwa mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend wa NASA. Kazi za nyumbani ni malezi pia, na zigawiwe wote. Kaka akateke maji zamu yake, na dada apate alasiri yake. Msichana aliyezoea kuambiwa "weka hiyo, njoo hapa" kila anapoanza kufikiri, ataacha kuanza.

Na akina baba. Tumezoea kulipa karo na kuuliza nambari ya mtoto mwisho wa muhula, kisha tukarudi barazani. Karo haikai uani na mtoto. Wengine tumempa simu ili anyamaze, na tukamsifu kwa kuwa anatazama roketi za Marekani zikiruka kwenye kioo. Kutazama kuna faida yake, lakini ile roketi ya kwenye kioo huruka hata yeye akikosea, haimwulizi chochote. Ya karatasi inamrudishia kosa lake mkononi papo hapo, na inamtaka awe na subira.

Walimu nao nawaomba jambo moja. Mnapopokea mradi, mwacheni mtoto aueleze kwa kinywa chake: alianza vipi, nini kilishindikana, alibadilisha nini. Alama zitoke humo, zisitoke kwenye rangi. Mkifanya hivyo muhula mmoja tu, wazazi wataacha kuwafanyia watoto kazi, kwa maana hawatapata faida. Na wenye mamlaka ya kituo cha Ngomeni wakumbuke kwamba makubaliano mapya ya Kenya na Italia, yaliyotiwa saini mwaka 2016, yamegusa pia elimu na mafunzo. Elimu hiyo isiishie kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Mtoto wa darasa la chini kutoka shule za Magarini na Malindi aingie, aone antena, aulize, ajibiwe kwa lugha anayoielewa.

Lakini tusingoje lango lifunguliwe. Mradi ukija nyumbani wiki hii, ulizia mapema, kabla ya usiku. Mpe mtoto karatasi, uji wa gundi na mahali pa wazi, uwe karibu naye ukiendelea na kazi zako. Akikuita, muulize ameona nini, na ungoje ajibu. Mradi ukipinda, upeleke shuleni umepinda, ili mwalimu aone kazi ya mtoto na amfunze kuanzia hapo.